Uji wa Nyatichi

Nyatichi alionja uji kwanza mbele yetu, kama ilivyo desturi ya mpishi, kisha akapiga magoti na kumpa mama mkwe wake kibuyu kwa mikono miwili.

Mama mkwe hakukipokea.

"Hata kwa televisheni ulionja kwanza," alisema.

Sisi majirani tuliitikia. Jumatano tulijazana dukani Rangwe, mbele ya televisheni ya betri, tukamwona Nyatichi kwa macho yetu. Alionja, akageuka, akatia sumu, akampa mama wa bwana wake. Matangani akalia kuliko wote.

"Mama, ule ni mchezo wa kuigiza tu. Ni kazi."

"Uso ni huu huu." Mama mkwe alimtazama mtoto aliyebebwa mgongoni. "Mpe mjukuu wangu."

Nyatichi alimfungua mtoto, akamnywesha. Uji ukamtiririka kidevuni. Mtoto akalamba midomo, akataka tena.

"Mmeona sasa?" Nyatichi aliuliza.

Mama mkwe alivuta kigoda, akaketi.

"Yule wa Jumatano alikufa kesho yake," alisema. "Tutangoja."

Hapo Nyatichi akaanza kulia. Tukatazamana. Kilio kilikuwa kilekile.