Makala Thelathini na Moja

"Shemeji, wewe umepata ngapi?" aliuliza kaka wa mke wangu, akiegemea kiti changu ili aone.

Tulikuwa kwenye mafunzo ya wahadhiri, maktabani. Mkutubi alituambia tuandike majina yetu kwenye kompyuta. Mtandao ungetuletea makala tulizowahi kuchapisha, kisha kila mtu abonyeze zilizo zake.

Shemeji alipata kumi na tisa. Alizihesabu kwa sauti, taratibu, ili hata walinzi mlangoni wasikie. Sote wawili tunafundisha historia, lakini yeye alisomeshwa na baba yake. Mimi nilisoma shule ya usiku, nikiwa tayari na watoto watatu.

Kwangu zilitokea makala mbili tu. Juu yake zilitangulia ishirini na tisa za mtu mwingine, mwenye majina yote matatu kama yangu. Sikusoma hata vichwa vyake.

Kidole changu kilikuwa juu ya kipanya, ukucha bado una vumbi la chaki ya asubuhi.

Nikabonyeza zote.

"Thelathini na moja," nikasema.

Shemeji alizihesabu tena zake, safari hii kwa kunong'ona. Sijawahi kusikia hesabu tamu namna ile.

Kisha akavaa miwani, akamgeukia mkutubi. "Binti, hebu ziweke ukutani tuzione sote. Kumbe shemeji yangu alikuwa ananificha!"

Projekta ikawaka. Mkutubi akasoma ya kwanza kwa sauti.

"Uvimbe wa Kiwele kwa Ng'ombe wa Maziwa."