Sanda ya Mzee Mkadamu

Wiki nzima Bi Mize aliziba matundu ya gereji kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, panya wasiingie. Leo mumewe, Mzee Mkadamu, akiwa hoi kitandani, alimwomba aianike sanda aliyojinunulia mwenyewe na kuihifadhi sandukuni humo gerejini.

Bi Mize akafunua sanduku. Sanda ilikuwa imetafunwa vipandevipande, na juu yake wamelala watoto wa panya, wekundu, hawajafumbua macho. Kumbe aliwafungia ndani!

Akalibeba sanduku hadi chumbani.

"Baba Salha, nisamehe. Panya wameimaliza sanda yako."

Mzee akachungulia ndani.

"Nawe ulivyojigamba umewakomesha! Basi, bila sanda leo siendi," alisema, akaanza kujiinua kitandani.