Kikuku cha Siwema

Sheria haikuwa na mjadala: mgonjwa wa saratani akifikisha hatua elfu kumi kwa siku, amepona, na ndugu anayemuuguza anarudishwa kazini siku hiyohiyo. Hatua zilihesabiwa na kikuku mguuni.

Siwema, aliyetoka kwenye matibabu juzi tu, alizunguka meza mara mbili, pumzi zikamwishia. Akaona bora arudie cherehani yake ya miguu, aunge viraka vya blanketi. Mdogo wake, Mashavu, akamtungia uzi, maana vidole vya dada yake bado vilikuwa na ganzi.

“Kanyaga, mwanariadha!” Mashavu akamtania.

Adhuhuri kikuku kikaimba: “Hongera! Umepona!”

“Jamani, hii ni cherehani! Sijatembea!”

Gari la kumchukua Mashavu lilishafika mlangoni.

Siwema akabaki mguu juu ya pedali, macho kwenye uzi. Ukikatika, hana wa kumtungia.