Kijiko cha Shubiri

Uchumi wa dunia ulipoyumba kwa mara ya tatu, nchi maskini ziliombwa, kwa heshima zote, kupeleka tena ladha ng'ambo. Kila nyumba ilitoa ulimi mmoja. Ulimi wenyewe ulibaki kinywani, ukisema na kugombana kama kawaida. Ladha tu ndiyo iliyosafiri. Nyumba za ghorofa zilisamehewa, maana zilijua mlango wa kuombea msamaha.

Mwanahamisi, mpishi wa pilau za harusi, alikuwa akila na kulisha nyumba nzima kwa ulimi wake. Wa mumewe ulikwenda katika mtikisiko wa kwanza, wa mama mkwe katika wa pili. Ukienda na huu, nani atamwita tena jikoni?

"Wangu ulikufa kwa homa, mwanangu," alimwambia afisa kijana aliyesimama mlangoni, huku akimbembeleza bintiye Chausiku mgongoni.

"Pole sana, mama. Basi tujaribu kidogo."

Afisa alichota kijiko cha shubiri, ileile inayopakwa titini mtoto anapoachishwa kunyonya.

Mwanahamisi alimeza. Machozi yalibisha hodi, lakini uso ulitulia kama wa mgeni rasmi anayesikiliza risala.

"Vipi, chungu?"

"Kama maji."

"Haya, kweli umekufa." Afisa akachota tena. "Na huyo mgongoni?"

"Huyu? Hata mwaka hajafikisha!"

"Sheria imesema ulimi, mama. Haikusema umri."

Chausiku alipoona kijiko kinamjia, alicheka, akafungua kinywa.