Ramani Ndani ya Mfuko

"Mfuko mzuri," mgeni alisema, akiupapasa. "Si ulikuwa wa unga huu?"

Mwenye nyumba ya wageni aliona haya. Alikuwa ameufua mara tatu, akaupiga pasi na kuushona upya kwa uzi mwekundu. Ndani alitia zawadi za kumkaribisha mgeni: kipande cha sabuni, karanga za kukaanga, na ramani ya mtaa aliyoichora mwenyewe, maana kuchapisha ni gharama.

"Tumejikuna mkono ulipofika, bibi," wifi yake alimwambia mgeni akicheka.

Bibi yule aliziacha karanga, akaikunjua ramani, akaomba kalamu. Kutoka kwenye nyumba ile alichora njia ya kwenda kwa jirani. Haikupita barabarani. Ilipenya ukuta wa jikoni.

"Hapo hapapiti mtu, bibi," mwenye nyumba alisema. "Pana kabati."

"Nyuma ya kabati."

Miaka sita mwenye nyumba alikuwa akipika hapo, na hakuwahi kujiuliza kuna nini nyuma yake. Akamgeukia wifi yake. "Hebu shika upande huo."

Kabati lilisogea likikwaruza sakafu. Lipu ya nyuma yake ilikuwa na rangi nyingine, na rangi hiyo ilikuwa na umbo la mlango.

Ng'ambo ya ukuta huo aliishi fundi saa mzee, asiyeitikia salamu ya mtu yeyote pale mtaani.

Mgeni aliweka kiganja juu ya lipu. Hakugonga.

"Hodi," aliita. "Hodi, kaka. Ni mimi, dada yako."

Ng'ambo ya ukuta, kiti kilisukumwa nyuma.