Kisima cha Mababu

Mwaka ule mito yote ilipokauka, maji yalibaki katika kisima kimoja tu, nacho Chama cha Mambo ya Kale cha wanyama kilikuwa kimekizungushia ua wa miiba.

"Huu ni urithi wa mababu," Mbuni, mwenyekiti wa chama, aliwaambia wanyama waliokuja kunywa. "Kwato zenu zitaharibu kingo."

Ngiri, ambaye hakujaliwa uvumilivu, alifoka. "Mheshimiwa, hao mababu walikichimba wanywe au wakitazame?"

"Swali zuri sana. Tutaliundia kamati."

Ngiri akasonya, akaenda zake kando, akachimba kutwa nzima kwa yale meno yake yaliyopinda mpaka maji yakatoka. Hata kabla hajainua kichwa, wanachama walishamsukuma pembeni, wakanywa, Mbuni akiwa wa kwanza.

"Jamani, nami niliyechimba je?" Ngiri alihema.

Mbuni alipangusa mdomo, akakohoa kidogo. "Ndugu wanachama, hapa ndipo chama chetu kiliponusurika na kiu. Vizazi vijavyo lazima vipakute hivi hivi. Leteni miiba."

Kisha akamgeukia Ngiri, ambaye ulimi wake ulikuwa bado mkavu. "Nawe ndugu yangu, hebu rudi nyuma kidogo. Kwato zako zitaharibu kingo."