Pumzi ya Ozella

Nilikuwa namnyoosha Ozella nywele kwa chanuo la moto, redio ikilia, tuliposikia wimbo wake ukiimbwa na kijana wa Kizungu. Santuri ya Ozella mwenyewe, mwimbaji mweusi, kituo kile cha redio kilikataa kuipiga.

Nikainua chanuo nisimchome sikio.

Katikati ya neno, kijana akakata, akavuta pumzi.

"Shoga, mpaka hapo kaniiga?" akashangaa Ozella. Alirekodi akiwa na mimba ya miezi minane. Pumzi ilimwishia palepale.

"Huyu naye mimba ya nani?" nikauliza.

Tulicheka mpaka machozi. Kisha Ozella akayafuta.

"Watu watadhani mimi ndiye niliyemwiga. Kituo chenyewe kiko mtaa gani?"

Nusu ya kichwa bado ilikuwa haijanyooshwa. Nikamfunga kitambaa changu, nikachukua funguo za gari.